Kuprinti ukiwa Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwezi wa kwanza Ujerumani ni mwezi wa karatasi. Fomu ya kuandikisha makazi, barua ya mwenye nyumba, bima ya afya, benki, kopi ya pasi, halafu kopi nyingine ya pasi hiyohiyo. Nyumbani haya yote yalikuwa ya dada wa steshenari: unamrushia faili kwa WhatsApp, unamwambia "nitolee tatu, moja ya rangi", unasimama pembeni na karanga zako, yeye anabana pini, unalipa, unaondoka. Huku dada huyo hayupo. Mashine zipo, tena nzuri, ila kazi yake unaifanya wewe. Majibu haya yametoka Leipzig, kwa hiyo bei za copyshop ni za mitaa ninayoijua. Mkaaji wa Munich ajiandae kutoa zaidi.

Steshenari ziko wapi?

Usitafute steshenari. Duka lenye kibao cha Schreibwaren linauza kalamu, madaftari na kadi za siku ya kuzaliwa. Baadhi yao wana mashine ya kopi pembeni, wengi hawana kabisa. Neno la kuandika kwenye ramani ya simu ni Copyshop, na hata Wajerumani wenyewe huita hivyohivyo. Huwa nyingi karibu na vyuo vikuu, kwa kuwa wateja wake wakubwa ni wanafunzi wenye tasnifu za kubanwa majalada.

Mahali pa pili ni Internetcafé au Callshop, kwenye mitaa yenye wageni wengi na jirani na stesheni kuu ya treni. Hapohapo watu wanatuma pesa na kubadilisha vioo vya simu, na kwenye kona kuna kompyuta tatu nne na printa moja inayokohoa. Wakenya mtajiona mko saiba. Mwenye duka mara nyingi naye alikuja mgeni, na ndiye mtu wa karibu zaidi na dada wa steshenari utakayempata: ukikwama, anainuka na kuja kukuonyesha. Waliotoka Goma au Bukavu, mliozoea secrétariat public ambako mtu anakuchapia hata barua yenyewe, hapa barua njoo nayo imeshaandikwa.

Ukipita Afroshop kununua unga wa ugali, uliza. Wengine wana printa nyuma ya kaunta na hawajaandika popote.

Nikiingia nasema nini?

"Guten Tag, ich möchte etwas ausdrucken." Maana yake unataka kuprinti kitu. Usiseme unataka "Kopie". Sisi tunasema "nitolee kopi" hata kama karatasi bado iko ndani ya simu, lakini kwa Mjerumani Kopie ni ile ya kuweka karatasi juu ya kioo. Ukitamka neno hilo utanyooshewa kidole kwenye mashine ya kopi, utabaki umesimama mbele yake na simu mkononi, na yeye atashangaa unachosubiri.

Ataweza kukuuliza maswali matatu. Schwarz-weiß oder Farbe? Nyeusi na nyeupe au rangi. Einseitig oder beidseitig? Upande mmoja au pande zote mbili. La tatu ni faili iko wapi, na hapo ndipo shughuli inapoanza.

Si nimtumie tu kwa WhatsApp?

Mara nyingi hapana. Wengi hawana WhatsApp ya duka. Njia tatu za kawaida ni fleshi, ambayo huku wanaiita Stick, barua pepe ya duka iliyobandikwa ukutani, au kukaa kwenye kompyuta yao na kufungua barua pepe yako mwenyewe. Hii ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilikuwa na miadi ya ofisi ya wageni saa nne asubuhi. Saa tatu kasoro niko kwenye kompyuta ya duka, naandika nenosiri, linakataa. Naandika tena taratibu, herufi moja moja, linakataa. Nenosiri langu enzi hizo lilikuwa na neno Zanzibar ndani yake. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana Z na Y, kwa hiyo mimi muda wote nilikuwa naandika Yanyibar, na kwa kuwa skrini inaonyesha vitone tu, sikuona kitu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza dakika tano kutafuta alama ya @, ambayo hutoka ukibonyeza AltGr pamoja na Q. Nilipogundua habari ya Z, akaunti ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania. Laini hiyo ilikuwa kwenye droo ya chumbani, kilomita sita kutoka pale.

Kwa hiyo, kwa mpangilio wa uhakika: beba fleshi, na faili ziwe ndani yake kabla hujatoka nyumbani. Kama simu yako ina tundu la USB-C, nunua fleshi yenye ncha mbili, unahamisha faili ukiwa ndani ya tramu. Ukikosa fleshi, tuma faili kwa barua pepe ya duka kutoka kwenye simu yako, usiguse kompyuta yao. Kufungua akaunti yako kwenye kompyuta ya watu kuwe njia ya mwisho, na kabla ya siku hiyo weka namba yako ya Ujerumani kwenye akaunti.

Faili iwe PDF. Ukibeba ya Word, fonti zitabadilika, jedwali litavuka ukurasa na sahihi yako itaangukia ukurasa wa tatu peke yake.

Kompyuta yote ni ya Kijerumani. Nabonyeza nini?

Drucken ni printi. Abbrechen ni ghairi. Löschen ni futa. Abmelden ni kutoka kwenye akaunti. Kitufe kinachoandikwa Strg ndicho Ctrl, kwa hiyo Strg na P vinafungua dirisha la kuprinti kama kawaida. Angalia idadi ya nakala kabla hujathibitisha. Mtu aliyetangulia anaweza kuwa ameacha 15.

Saizi ya karatasi isikusumbue. Ni A4, milimita 210 kwa 297, ileile ya nyumbani. Wanaohangaika na saizi ni ndugu zetu wa Marekani.

Bei ikoje?

Ninakokwenda mimi nyeusi na nyeupe ni kama senti 10 kwa ukurasa, rangi mara tatu hadi tano ya hapo. Internetcafé hupandisha kidogo, na wengine wanakutoza pia dakika za kompyuta. Beba sarafu. Maduka madogo mengi ni pesa taslimu tu, na wanaokubali kadi wanaweza kukuambia kuanzia euro 5 au 10, nawe unadaiwa senti 40.

Na Jumapili?

Jumapili kumefungwa. Maduka ya Ujerumani yanafungwa Jumapili kwa sheria, na sikukuu pia. Vituo vya mafuta na maduka ya ndani ya stesheni kubwa yako wazi, lakini huko utapata mkate na soda. Miadi ya Jumatatu asubuhi iprintiwe Ijumaa. Ukishikwa kabisa, jaribu hosteli au hoteli: ukiomba kwa adabu mapokezi, ukurasa mmoja au miwili huwa hawakatai, na mimi nimewahi kutolewa hata bila kulipa. Usiende na kurasa 40.

Maktaba je?

Maktaba ya mji, Stadtbibliothek, ni chaguo zuri kwa asiye na haraka. Miji mingi ina kompyuta, printa na skana kwa wanachama, na bei ni ya chini. Kupata kadi utahitaji pasi pamoja na karatasi ya usajili wa makazi, ambayo ndiyo pengine ulikuwa unataka kuipata kwa kuprinti fomu. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usiitegemee.

Mwanafunzi yeye asihangaike mjini. Mashine za chuo zinalipiwa kwa kadi ya mwanafunzi, ileile unayolipia chakula Mensa, yaani mgahawa wa chuo. Uliza wa mwaka wa pili namna ya kujaza salio, kwa kuwa maelezo yaliyobandikwa ukutani aliyaandika fundi kwa ajili ya mafundi.

Nimesikia unaweza kuprinti kwenye duka la sabuni.

Kweli. dm na Rossmann, maduka ya sabuni, mafuta na nepi, yana mashine za picha. Unaunganisha simu, unachagua, picha inatoka. Baadhi ya matawi ya dm yanaprinti na kukopi hati pia, ila si yote, kwa hiyo angalia mashine kabla hujajipanga nayo. Ukichanganya na mashine ya picha tupu, barua yako ya kuomba kazi itatoka kwenye karatasi inayong'aa, ukubwa wa kadi ya harusi.

Kuhusu picha za pasipoti: tangu tarehe 1 Mei 2025 ofisi za Ujerumani hazipokei tena picha ya karatasi kwa pasi, kitambulisho na kibali cha kuishi. Picha inapigwa na mpiga picha anayetambuliwa, naye anakupa msimbo unaoupeleka ofisini, au unapigwa palepale kwenye mashine ya ofisi kwa euro 6. Ubalozi wako mjini Berlin una masharti yake, na pasi ya Tanzania au Kenya haifuati sheria ya Wajerumani. Soma fomu ya ubalozi kwanza: ukubwa na rangi ya nyuma ya picha, kabla hujalipia seti isiyotakiwa.

Kwani kila kitu lazima kiwe karatasi? Mimi nina simu.

Vingi havihitaji. Deutschlandticket iko kwenye simu au kadi ya chipu, tiketi ya treni unamwonyesha kondakta msimbo, na bima za afya kubwa zina programu: unapiga picha ya karatasi, unapakia, basi. Mkataba uliofungua mtandaoni, kwa mfano wa simu au jimu, tangu tarehe 1 Julai 2022 kampuni inatakiwa kukuwekea kitufe cha kuuvunja kwenye tovuti yake.

Lakini kuna mambo mawili ambayo sheria inataka karatasi na sahihi ya kalamu: kuvunja mkataba wa nyumba na kuvunja mkataba wa kazi. Barua pepe haihesabiki. PDF yenye picha ya sahihi haihesabiki. WhatsApp ndiyo usiiguse. Jamaa yangu mmoja aliandika barua nzuri ya kuhama, akaipiga picha, akamtumia mwenye nyumba tarehe 1. Hakujibiwa. Akadhani kimya ni ndiyo. Mwisho wa mwezi akaambiwa hakuna barua iliyofika. Notisi ya kawaida ya mpangaji ni miezi mitatu, na ili mwezi huo uhesabiwe barua inatakiwa imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kuisha. Kwa ukurasa mmoja wa senti 10 akalipa kodi ya mwezi mzima zaidi.

Na usajili wa makazi, Anmeldung, una wiki mbili tangu uhamie. Karatasi inayochelewesha watu ni Wohnungsgeberbestätigung, ile mwenye nyumba anathibitisha kwamba kweli unakaa kwake. Iprinti mapema umpelekee aisaini siku anayokupa funguo, maana baada ya siku hiyo kumpata ni kazi nyingine.

Nimeshaprinti. Natumaje kwa posta, na mzani sina?

Karatasi ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5, kwa sababu A4 kumi na sita zinafanya mita moja ya mraba. Barua ya kawaida, Standardbrief, inabeba hadi gramu 20 kwa senti 95, bei ya tangu Januari 2025. Karatasi tatu na bahasha vinaingia. Karatasi ya nne inakuvusha. Hapo ndipo kuprinti pande mbili kunapolipa, maana kurasa sita zinakuwa karatasi tatu. Zikunje sehemu tatu ziingie bahasha ndefu. Ukituma bahasha kubwa ya A4 bila kukunja, hiyo ni Großbrief, euro 1.80.

Stempu nayo si lazima ununue ya karatasi wala kuiprinti. Unalipa kwenye programu ya Deutsche Post, unapewa msimbo unaoanza na #PORTO, unauandika kwa kalamu pale ambapo stempu ingekaa. Mara ya kwanza nilidhani ni utani. Barua ilifika.

Barua ya kuvunja mkataba ipeleke Einschreiben, iliyosajiliwa, uwe na ushahidi.

Kurudisha viatu ulivyoagiza mtandaoni: mara nyingi unapewa msimbo wa QR, unauonyesha kaunta ya DHL, wanaprinti lebo wao. Wateja wengi bado wanazunguka mji mzima kutafuta printa kwa kitu hiki.

"Beglaubigte Kopie" ni kopi gani hiyo?

Ni nakala iliyothibitishwa, na ndiyo inayowapotezea watu muda kuliko zote. Nyumbani unakwenda kwa wakili, anagonga muhuri, mambo yameisha. Ofisi nyingi za huku hazitambui muhuri huo. Zinataka nakala iliyothibitishwa na mamlaka: Bürgeramt (ofisi ya huduma kwa wakazi) au Rathaus (ofisi kuu ya mji), notari, au ubalozi wa Ujerumani huko ulikotoka.

Bürgeramt hufanya hivyo kwa ada ndogo, lakini inaweza kukataa hati iliyo kwa lugha ambayo afisa haielewi, na cheti cha kuzaliwa haikithibitishi kabisa. Cheti cha Kiswahili kitafsiriwe kwanza na mtafsiri aliyeapishwa mahakamani. Kwa aliye bado Dar es Salaam au Nairobi, ushauri wangu ni mmoja: balozi za Ujerumani huthibitisha nakala kwa ada, toa seti mbili za vyeti vya shule na chuo kabla hujapanda ndege.

Nenda na hati halisi, kopi peke yake haithibitishwi. Nakala ya kurasa nyingi hubanwa pini, kona zikakunjwa na muhuri ukagongwa juu ya mikunjo ili kurasa zishikane. Usizitoe pini ili uskani vizuri. Nimemwona dada mmoja akifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na kwa Mjerumani nakala hiyo ilikuwa imeshakufa.

Na vyeti vyenu msivipige lamineshi. Najua mama alikipeleka cha darasa la saba kikalaminishwe kisichafuke. Hati halisi iliyofungwa kwenye plastiki haiwezi kugongwa muhuri.

Ninunue printa yangu?

Kama unaprinti mara mbili kwa mwezi, hapana. Printa ya wino ya bei ya kutupa wino wake hukauka, na katriji mpya zinakaribia bei ya printa yenyewe. Ukiwa na wanafunzi wenzako nyumba moja, tafuteni ya leza ya mtumba, nyeusi na nyeupe tu, kwenye tovuti ya Kleinanzeigen. Poda yake haikauki. Tembea pia macho wazi: Wajerumani huweka vitu mlangoni na kikaratasi cha "zu verschenken", yaani chukua bure. Printa yangu ya kwanza niliibeba begani kutoka mtaa wa tatu. Ilikosa waya tu.

Kazini naruhusiwa?

Uliza. Kwa wauguzi na wanafunzi wa Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi kazini, ukurasa mmoja wa ofisi ya wageni kwa kawaida hauna neno ukimwomba msimamizi. Bila kuomba, ni jambo jingine.

Usalama wa hati zangu?

Kitu kinachosahaulika zaidi ni hati halisi chini ya kifuniko cha mashine ya kopi. Unatoa kopi ya pasi, unachukua kopi, unalipa, unakwenda, pasi inabaki imelala kifudifudi kwenye kioo. Mimi yangu ilikaa hapo usiku mzima, na asubuhi nilimkuta mwenye duka ameifungia kwenye droo. Tangu siku ile nainua kifuniko mara mbili kabla ya kulipa, na wenye maduka wameshanizoea.

Kwenye kompyuta ya watu, faili uliyofungua inabaki kwenye folda ya Downloads. Ifute, kisha ifute tena kwenye Papierkorb, kapu la taka. Halafu Abmelden. Nimeshakuta mikataba ya kazi ya watu, mishahara na namba za kodi, kwenye kompyuta ya kona.

Naweza kuprinti, lakini fomu yenyewe siielewi.

Usijaze kwa kubahatisha. Kuna ushauri wa bure kwa wahamiaji, Migrationsberatung, unaotolewa na mashirika kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu, DRK. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 27 kuna Jugendmigrationsdienst. Weka miadi, nenda na barua yote uliyopokea pamoja na bahasha yake, maana tarehe ya barua ina maana kwenye muda wa kujibu. Wana printa, na mara nyingi ukishajaza pamoja nao wanakutolea palepale.